Mashine Inayotembea Ndani ya Karavani

Jumamosi, Juni. Upepo unapita chini ya mlango, na chai inapoa kabla sijaifikia nusu.

Leo nimeshinda na mashine ya kufulia. Nilimwahidi mdogo wangu Yustina kwamba hatafua tena mablanketi kwa mikono. Viungo vya vidole vyake vimevimba, na maji ya hapa Katandala mwezi huu hayana huruma. Basi nikatia blanketi lake la kwanza. Mashine ilipofika kwenye kukamua, ikaanza kutembea.

Inatembea kweli. Iliondoka ukutani, ikavuta mpira wa maji, ikasimama katikati ya karavani, nyumba yangu hii ya magurudumu, kama mgeni anayeuliza njia.

Nilishuku blanketi. Likilowa hujikusanya upande mmoja wa pipa, uzito ukaelemea huko. Nikalitoa, nikatia mashuka mepesi. Ikatembea. Nikaweka pima maji juu yake, nikazungusha miguu yake hadi kiputo kikatulia katikati. Ikatembea tena. Nikakagua nyuma: zile bolti za kushikilia pipa safarini nilikwisha kuzitoa siku niliyofika kutoka Zambia.

Ndipo nikaona vikombe vinayumba kwenye misumari yake.

Nyumba nzima ilikuwa inacheza.

Nikaiacha mashine ikizunguka, nikatoka nje, nikapiga magoti. Tairi la upande wa bondeni lilikuwa likizama na kuinuka. Nikachimba pembeni yake kwa koleo. Chini ya udongo nikakuta nyasi nyeusi zilizooza, laini kama ugoro uliolowa.

Nyasi za matuta! Yustina alilima maharage pale. Nilipofika niliyasawazisha mimi mwenyewe matuta yake nipate pa kuegesha, nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Kifipa analijua: tuta letu hufukiwa nyasi ndani ili zioze. Nilivyowahi kuwaeleza watu wa ugenini kilimo hicho, kwa ufasaha!

Yustina alikuja akachungulia shimo, akacheka hadi akashika kiuno.

"Kaka, maharage yangu yamelipiza kisasi."

Nikamwuliza pagumu ni wapi.

"Ubavuni mwa jiko. Tumepakanyaga tangu baba yupo. Ila ukiingia pale, mbele yako najenga banda la kuku. Hutoki tena."

Nilielewa anachouliza. Nilichagua kwenye matuta kwa sababu ni karibu na lango. Gari lingeweza kunivuta asubuhi yoyote, nikaelekea mpakani Kasesya bila kuaga watu wengi. Niliondoka hapa kijana, na tangu hapo sijawahi kuegesha mbali na lango.

Nikalileta blanketi nje.

Blanketi lilikuwa bado linatiririka maji. Tukalikamua wenyewe, yeye ncha ile, mimi ncha hii, kila mmoja akisokota upande wake. Nilimwona amefumba macho kwa maumivu. Hakulalamika. Alivuta tu, nami nikavuta.

"Jenga," nikamwambia.

"Nijenge nini?"

"Banda la kuku."

Akafumbua macho. "Basi usivute hivyo, mzee, utalichana."

Jumatatu jirani analeta trekta la kunisogeza. Tutaegesha, tutatoa matairi, tutaiketisha karavani juu ya matofali. Nina hamu kubwa ya kuona kama mashine itatulia.

Kuhusu mimi mwenyewe, sijui bado. Itabidi nijaribu ndipo nijue.