Bibi wa Vyungu vya Mvua

Dada Rebeka,

Sijui kama huko uliko hasira za watu zinafika. Zangu zifike, maana hapa Kinyangiri sina wa kumpelekea. Naandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo vumilia.

Juzi gari la sinema lilikuja. Wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa godauni la kijiji, wakawasha jenereta, tukakaa chini sote. Bwana mwenye kipaza sauti akasema ni sinema ya Wajapani, ya picha za kuchorwa, imetoka kwenye vitabu vya hadithi. Alipotokea bibi kizee na vyungu vyake, moyo ulinilipuka. Dada, vilikuwa vitabu vyako! Vile ulivyovisoma kwa Kiingereza chuo cha ualimu, ukanisimulia tukipeta uwele. Bibi anaifungia mvua ndani ya vyungu, watu wanamtukana, kumbe anawawekea akiba ya siku mbaya. Nikampakata Naomi wako, nikamwambia mama yako aliipenda sana hadithi hii.

Basi yule bwana! Kijapani hajui, kama sisi tu. Badala ya kunyamaza tutazame, akaanza kutunga. Ati bibi ni kabaila. Ati mnyonyaji, anaficha mvua ya umma. Watu kusikia mvua, na jua hili linavyotuchoma mwaka huu, wakapiga kelele apigwe! Nikasimama, nikasema si kweli, huyo anawatunzia. Balozi wa nyumba kumi akaniambia niketi, naharibu mkutano. Mkutano! Nikachekwa. Na kabla bibi hajafungua vyungu, palepale ulipokuwa ukiniliza, jenereta likazimwa, ati wanabakiza mafuta ya kijiji cha kesho. Watu wakaenda zao wakijua bibi ni mwizi.

Naomi naye alipiga makofi. Mtoto wako, Dada! Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Maana waliopiga kelele ni walewale. Mwaka ule wa njaa walikuita mchoyo, ulipofukia kibuyu cha mbegu ya uwele, mdomo umeuziba kwa mavi ya ng'ombe, ukatukatalia hata sisi wa nyumbani, tunalala na mlenda mtupu. Ukasema tu, "Waache waseme. Mvua ikinyesha watakuja." Ikanyesha. Wakaja na mabakuli, ukawagawia, na shamba la kijiji likapandwa mbegu yako. Leo nani anakumbuka? Kweli asante ya punda ni mateke.

Kibuyu chako kipo. Ulipotutoka nilikijaza, nikakifukia palepale. Sasa ni jua tena, na wameanza kunisema mimi. Naomi ananiangalia kwa jicho la njaa, anajua kilipo, nami sikifukui. Usidhani ni rahisi.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi Naomi hatakujua kwa maneno ya kipaza sauti. Siku mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, yeye ndiye atakayekifungua, kwa mkono wake. Na hao watakuja na mabakuli yao, nawajua. Nitawagawia wote, hata balozi. Ila kwanza watakaa chini, wanyamaze, wasikilize hadithi ya yule bibi mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Marta