Uso Wako Ulipoiva Mbele ya Wazee

Baba,

Ni mimi Wanjiru, yule uliyemwita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Tangu tukuzike, mvua imenyesha vizuri hapa Ruiru na mibuni imetoa maua. Kule kwenye meza za kuanikia kahawa, kazi yako wamempa mtu mvivu ajabu. Anageuza upande mmoja, anasinzia. Ungemcheka mpaka ukohoe.

Leo nimekukumbuka nikimimina chai. Wewe na chai yako ya moto! Ulikuwa unameza kidogo tu, mara uso na shingo vinaiva vyekundu, maana wewe ulikuwa maji ya kunde, hukuweza kuficha. Mama anakutania, "Baba Wanjiru, umemwona nani huko nje?" Tunacheka sote. Hatukujua kwamba ule ulikuwa ugonjwa.

Kanisani hawakucheka. Mtu anayeiva uso na kukimbilia chooni katikati ya mahubiri, kwao huyo amelewa. Wazee wa kanisa walipokuita ujieleze uliingiwa na hofu, na hofu yenyewe ikauivisha uso wako mbele yao. Mzee Ndirangu akasema hahitaji shahidi mwingine. Ukatengwa na meza ya Bwana, wewe ambaye hukuonja pombe tangu ubatizwe. Mpaka sasa nikikumbuka, hasira hunipanda.

Ndipo tumbo likafunga. Tukahangaika kupata kibali cha kusafiri, maana ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, tukakufikisha hospitali Thika, ukapasuliwa. Daktari akakuta uvimbe kwenye utumbo, mdogo kama punje ya mahindi, lakini ulikuwa umeshaenea hadi kwenye ini. Kipande kikapelekwa Nairobi kupimwa kwa darubini. Jibu liliporudi alitueleza polepole, mkalimani akitafsiri: ni saratani ya nadra, yeye mwenyewe alikuwa ameisoma tu, hajawahi kuiona. Inamwaga kitu kwenye damu, na hicho ndicho kinachoivisha uso, kinachoharisha na kubana kifua. Chai ya moto huiamsha, na hofu pia. Hakuweza kuiondoa yote. Ila inakwenda taratibu, akasema, unaweza kuishi miaka kadhaa, hadi moyo uchoke.

Hukuuliza utakufa lini. Uliuliza, "Kwa hiyo si pombe?" Akasema si pombe, ukalia kwa furaha. Mimi nililia kwa lile lingine.

Wazee walielezwa. Wakasema sawa, basi usimame uungame kidogo tu, maana ndiyo desturi ya kumrudisha aliyetengwa. Ukakataa. "Nikiungama pombe, nitakuwa nimedanganya ndani ya kanisa." Kila Jumapili ukakaa benchi la nyuma, mkate ukigawiwa wengine, nawe ukiimba besi kuwashinda wote. Hata miguu ilipovimba ukawa unajikokota hadi pale. Unanisukuma kwa bega, "Maitu, imba, usiwape raha." Nilikupenda, Baba. Nilikupenda mno.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Tulikuzika bila mchungaji, majirani ndio walioomba. Jana Mzee Ndirangu alikuja nyumbani. Amezeeka, na nadhani linamuuma. Anataka nisimame Jumapili niungame kwa niaba yako, ili uhesabiwe tena kuwa mtu wa kanisa. Mama amemsihi anipe muda. Amechoka kusalimiwa nusunusu na wanawake wenzake, na simlaumu.

Nimekubali kusimama. Nitawaambia ulikuwa mgonjwa, ugonjwa gani, na ulikuumiza wapi. Nitawaambia walikuangalia usoni wakaona dhambi. Kisha nitakaa. Huenda nami wakanitenga, na Mama nimemwambia hivyo. Akaniuliza nitavaa nguo gani.

Lala salama, Baba yangu mzuri, tutaonana kwa Mungu. Nakuahidi hili moja: hata iwe ndiyo njia ya wao kukusamehe, sitakusingizia.

Binti yako,
Wanjiru