Nilizima Kibatari cha Mama Mkwe Ndani ya Gari

Mshauri wetu Bu Lastri, naomba unishike mkono maana nimefika mwisho wa barabara, mimi ambaye barabara ndiyo kazi yangu, nimeendesha malori kutoka Java hadi ncha ya Sumatra, nimebeba vioo, nimebeba nyati mwenye hasira, na sijawahi kufikisha mzigo ukiwa na ufa, shule niliiacha mapema lakini muulize yeyote kule Muntilan nani anajua kupakia, atakuonyesha kwangu. Sasa nimevunja nyumba yangu mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mimi na mke wangu kutoka nyumbani kwa mama mkwe kule Muntilan kuhamia kwenye kanyumba nilikojenga upande wa pili wa Magelang, na unajua sisi hatuhami hivi hivi, moto lazima utoke nyumba ya zamani ukiwaka na uingie mpya ukiwaka, basi mama mkwe akakaa kiti cha mbele na kibatari kinawaka mapajani, mke wangu Wiwit akakaa nyuma na mimba yake changa, na nyuma yake nikajaza vyombo vya jikoni, kopo la tina ya kuyeyushia rangi lililobaki kwenye kupaka nyumba, na mtungi wa gesi nimeulaza ubavu chini ya blanketi usigongegonge. Vioo tukafunga vyote, upepo usije ukazima moto.

Wiwit akaniuliza, "Mas Jono, huo mtungi na huo moto vinapatana kweli?"

Nikamwambia, "Nimebeba nyati mimi, kibatari cha mama yako kitanifanya nini?" Wakacheka wote wawili, na mimi nikichekewa najiona mfalme.

Hatujafika mbali Wiwit akasema kuna harufu. Mama mkwe akamjibu, "Ni petai zangu hizo kapuni. Tangu lini wewe unaona kinyaa maharage ya kwenu?" Na kweli petai hunuka, tukaendelea, lakini harufu ikazidi mpaka ikakaa kooni, nikasimamisha gari, nikasikia nyuma kitu kinapumua sss kama nyoka. Bu Lastri, mkono wangu haukuomba ruhusa. Niliubana utambi kwa vidole, nikafungua milango, nikawatoa, nikaurusha mtungi kwenye shamba la mpunga.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikitazama kibatari kinavyofuka moshi, akasema, "Umezima nyumba yako mwenyewe, Jono."

Tukahamia hivyo hivyo. Kabla mwezi haujaisha mimba ikatoka.

Wiwit amerudi kwa mama yake. Mama mkwe anasema tuhame upya, kila kitu kirudi Muntilan, kipakiwe kama siku ile, kibatari kiwake na vioo vifungwe mpaka mlangoni, bila hivyo nimsahau mke. Wiwit mwenyewe hasemi neno, nikimpigia simu namtania kama zamani, anakata. Silali, sili, nakaa natazama vidole hivi viwili nikijiuliza kama ndivyo vilivyomuua mwanangu. Niko tayari kupakia, Bu, hata kama tutaungua wote. Nipakie?

Parjono, Magelang

MAJIBU

Usipakie, Parjono.

Vidole vyako viliokoa watu watatu, viache vipumzike. Mimba changa hutoka, huwatoka hata wanawake ambao hawajawahi kuhama chumba, na mkunga atawaambia hivyo hivyo mkienda pamoja. Mkienda pamoja, nimesema, siyo umtume.

Lakini nina ugomvi na wewe. Mzigo wa tajiri ungeupakia vile? Gesi imelala, tina pembeni, moto mbele, vioo vimefungwa, na ndani mkeo mjamzito? Alikuuliza swali la maana, ukamjibu nyati. Ujuzi wako wote ulikuwa wapi, au uliuacha kwenye lori?

Sikiliza. Mtungi husafiri umesimama, rigulata imetolewa pamoja na mpira wake, kifuniko kiko mdomoni, umefungwa kamba usiyumbe, kwenye pikapu ya wazi, na nyuma hapandi mtu. Tina iliyobaki mpe fundi rangi wa jirani. Moto unaowaka haupandi gari lenye watu, hata kama hakuna gesi kabisa. Na harufu ukiisikia, simama kwanza, ubishi wa petai mtaumalizia nje.

Mama mkwe usimcheke, moto ule ni heshima yake. Bibi yangu alihama na moto wake mkononi, lakini alikwenda kwa miguu, hakujifungia nao. Siku mtakayokubaliana, kibatari kije kikiwa kimezimwa na mafuta yakiwa kwenye chupa yake. Mama akiwashe kwenye jiko la jirani yenu mpya, avuke nacho ua, aingie nacho ndani. Akikataa, mwambie ni Lastri aliyekataza gari. Aninunie mimi, nimeshazoea.

Hayo yote ni ya baadaye. Kesho gari liache nyumbani, panda basi uende Muntilan. Wiwit amepoteza mtoto, na mpaka leo mmoja anamtania kwenye simu, mwingine anamsimulia habari za utambi. Hakuna aliyempa pole. Kaa karibu naye, umpe. Mzaha ukikujia mdomoni, umeze. Asipojibu, endelea kukaa. Na wewe ukitaka kulia, lia hapo hapo mbele yake, alikuwa mtoto wako pia.