Mama Aliyeambiwa Achague Moja

Mama yangu uliyeko Mwazye,

Shikamoo. Wiki iliyopita ulinipigia kwa simu ya mjomba ukaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Nitaacha unga, nitarudi." Nikakujibu, "Ndiyo, mama." Kisha Jumatatu nikafanya kinyume. Kwa mdomo siwezi kukueleza kwa nini. Unanijua: mwalimu akinitaja jina darasani koo linafunga, hata kama jibu ninalo. Kwa hiyo ninaandika. Na ninaandika wazi, barua hii ibandikwe kwenye ubao wa klabu yetu ya uandishi, atakaye kuipiga picha aipige, kwa sababu watu wote waliosema walifumba macho siku ile wanajua kusoma.

Nakumbuka jioni ulipoanza biashara ya unga. Ulirudi kutoka zahanati ukiwa na sare yako nyeupe na hasira ambayo sikuwahi kuiona. Ulikuwa umempima mtoto wa miaka miwili mwenye miguu kama vijiti, na mama yake ametoka kwenye nyumba iliyojaa magunia ya mahindi. "Tunalima mpaka magunia yanakosa pa kukaa," ulisema, "na watoto wanashindiliwa ugali mtupu mpaka wanavimba." Hukuvua sare. Ulichukua mti wa kupuria, ukamwaga masuke ya ulezi uwanjani, ukaanza kuyapiga. Uliyapiga kama mtu anayemfukuza nyoka ndani ya nyumba. Makapi yaliruka, upepo wa Julai ukayatupa machoni mwetu, na mdogo wangu Gaspari akalia kwa kuogopa ile sauti. Ulipochoka uliketi chini, umejaa vumbi hadi kwenye kope, ukacheka. "Haya," ukaniambia, "wewe msomi, niandikie karatasi za kubandika kwenye mifuko. Andika: unga wa lishe. Andika vizuri, wasije wakadhani ni dawa ya panya."

Tangu siku hiyo ukawa watu watatu. Alfajiri ulikuwa mama: maji ya moto, chai, sare zetu, shati la baba. Mchana kutwa ulikuwa nesi katika zahanati ya Mollo, ukishona vidonda na kupokea watoto wanaozaliwa. Jioni ulifunga kitenge kiunoni ukawa mwenye unga: kuosha ulezi, kuuanika, kuukaanga pamoja na soya na karanga, kupeleka mashineni. Nilikuwa nakuangalia na kufikiri mwili wako ni kama ule mkanda wa mashine ya kusaga, unaozunguka hadi unanuka kuungua na hakuna anayeuzima.

Sokoni walikupenda. Nakumbuka yule mama muuza maharage alivyokuwa akikupigia kelele, "Nesi wewe, asubuhi unatuchoma sindano, jioni unatuuzia uji! Tukimbilie wapi?" Nawe ukamjibu, "Sindano ni ya serikali, shoga. Uji ni wangu, na huu hauumi." Soko zima likaangua kicheko. Mimi nilijificha nyuma ya mifuko, nikajivunia mpaka nikaona aibu.

Lakini sitaki kuandika kana kwamba ulikuwa malaika. Ile siku niliyoacha ulezi ukaungua motoni kwa sababu nilikuwa nimezama kitabuni, ulinichapa kwa mwiko mgongoni mara tatu. Mwiko ulikuwa umetoka kwenye sufuria. Niliungua. Ulipoona ngozi imeinuka uliutupa mwiko, ukanipaka dawa, ukasema, "Sikukupiga wewe, nilikuwa naipiga siku yote ya leo. Wewe ndiye uliyekuwa karibu." Nilikusamehe palepale. Sasa nina miaka kumi na sita, na ninajiuliza: baba naye, alipoanza, alikuwa anaipiga siku gani?

Maana hakuanza hivyo. Mwanzoni ndiye aliyebeba magunia ya ulezi kwa baiskeli. Kisha pale ghalani anapofanya ukarani wakaanza kumtania. Niliwasikia mwenyewe nilipompelekea chakula. "Karani, shemeji yetu nesi amekuajiri kazi gani? Kupepeta?" Mwingine akasema, "Mwacheni, leo zamu yake kukaanga." Baba alicheka pamoja nao. Jioni ile shati lake la Misa halikuwa limepigwa pasi, na akakupiga ngumi mdomoni.

Kesho yake ulikwenda kazini umevaa barakoa. Wagonjwa walidhani una mafua. Baada ya hapo nilijifunza kuhesabu wiki zetu kwa barakoa zako, mama, na hukuwahi kuniambia neno. Mara moja tu nilikuuliza kwa nini usiache mojawapo ya kazi zako. Ulikuwa unamfunga Gaspari kamba za viatu. Ukasema, "Zahanati nikiiacha, nitakuwa nimeacha wagonjwa. Unga nikiuacha, nitakuwa nimeacha watoto wale wale kabla hawajawa wagonjwa. Na ninyi nikiwaacha nitakuwa nimejiacha mimi. Sasa nipunguze wapi?"

Ile Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya ya kanisa kwa sala. Baba ni mwenyekiti, na kwa miezi miwili alikuwa amewasema watu kuhusu pombe za kienyeji, hadi wazee wengine walikuwa wamemnunia. Wewe ulibadilishana zamu ili uwepo. Alhamisi uliosha ulezi, na kwa kuwa jua lilikuwa dogo, Jumamosi asubuhi uliuanika tena uwanjani juu ya turubai ukasema utauondoa kabla watu hawajafika. Kisha wakaja kukuita: mama mmoja amefika zahanati anatokwa damu na mwenzako yuko peke yake. Ulikimbia. Uliniambia niuondoe mimi, wewe unakwenda na kurudi. Nami, ambaye nilipaswa kuuondoa ule ulezi, nilikwenda chumbani kulirudia somo, kwa sababu msomaji wa jumuiya ni mimi. Mbele ya kitabu koo langu huwa halifungi.

Watu walipoingia uwanjani wakakuta turubai limejaa ulezi mbichi, umeanza kuchipua kidogo pembeni. Hakuna mtoto wa Ufipa asiyejua ulezi uliochipua ni wa nini: ni kimea cha kupikia pombe. Mzee mmoja, miongoni mwa wale walionuna, aliinama akachota punje, akazinusa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwenyekiti, kumbe kimea unacho! Sisi ulituzuia ili ubaki na soko peke yako?" Walicheka, mama. Akina mama walicheka wakiwa wamejiziba midomo kwa khanga. Baba alisema ni unga wa watoto. Mzee akamjibu, "Ndiyo, baba, na mimi ni mtoto. Nimiminie kata moja." Nilimwona baba akigeuka rangi ya majivu.

Tulianza sala. Nilisimama nikasoma. Nilikuwa katikati ya somo ulipoingia getini, sare yako ina damu ya yule mama kifuani hadi kwenye mikono, uso umechoka lakini umefurahi, na ndipo nikajua yule mama amepona. Ulipiga magoti kidogo kuwaheshimu watu. Hukuwahi kuinuka. Baba alikupiga kofi la sikio ukaanguka juu ya ulezi. Alikupiga teke la tumbo. Alikwenda ukutani, akachukua ule mti wa kupuria, akakupura. Sina neno lingine. Alipiga kama unavyopiga masuke, kwa mpangilio, bega, mgongo, bega, mgongo, na ulezi ulikuwa unaruka juu na kushuka kila mti ulipotua. Ulijikunja ukakinga kichwa. Hukulia. Ulisema mara moja tu, "Watoto wanaona."

Na mimi niliendelea kusoma.

Ndiyo maana ninaandika barua hii. Watu wanadhani nina hasira na baba, na kweli ninayo, lakini usingizi unanikataa kwa sababu ya sauti yangu mwenyewe. Sikukosea hata neno. Nilitua penye nukta. Nilifika mwisho nikasema, "Neno la Bwana," na watu ishirini na zaidi wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yetu wakaitikia, "Tumshukuru Mungu." Ndipo baba akautupa mti chini, akakaa, akijifuta jasho, na katekista akaanza kutafakari somo.

Wewe uliinuka mwenyewe. Ulimchukua Gaspari aliyekuwa amejikojolea, ukamkabidhi mikononi mwangu, ukanitazama. Damu ilikuwa inatoka sikioni. Kisha ukatoka getini kwa miguu yako. Baadaye Mama Jeni, nesi mwenzako, alinieleza kwamba kiwambo cha sikio la kushoto kimepasuka na mbavu mbili zimevunjika, na kwamba ulijaza fomu ya polisi kwa mwandiko mzuri kabla ya kuzimia.

Polisi wa dawati la jinsia walikuja kuuliza mashahidi. Kila mmoja alisema, "Afande, tulikuwa kwenye sala, tumefumba macho." Wote, mama. Yule mzee wa kimea pia. Ni nani hufumba macho wakati wa somo? Lakini walikuwa wamekubaliana, na mtu mmoja tu hakuweza kuingia katika hadithi hiyo. Hakuna asomaye akiwa amefumba macho. Kwa hiyo kesi yote ikaja kusimama juu yangu, mtoto ambaye hata "hapana" humtoka kwa shida.

Shangazi, dada yake baba, alikuja na kuku wawili. Alinikalisha jikoni. "We mtoto, unataka baba yako akafie jela?"

"Hapana, shangazi."

"Basi utasema mama yako aliteleza. Ulezi unateleza, kila mtu anajua."

Nikasukuma kuni motoni. Akaendelea kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. "Mimi simchukii mama yako. Lakini mwanamke ana mikono miwili. Ofisi mkono mmoja, nyumba mkono mmoja. Huo unga aliushika kwa nini? Ukoo umeshakaa. Arudi, aachane na mambo ya unga, amwombe mumewe radhi mbele ya jumuiya, yaishe."

Nilitaka kumwuliza kuhusu mikono ya baba. Ana ukarani, ana shamba, ana uenyekiti, na sijawahi kusikia kikao kilichomwambia achague. Maneno yalikuwa yamejipanga kabisa. Nikasema, "Ndiyo, shangazi," na usiku nikajiuma mkono kwa hasira hadi meno yakaacha alama.

Kisha ukapiga simu wewe, kutoka huko Mwazye unakouguzwa kwa mjomba. Wewe uliyesema huna pa kupunguza, ukasema utapunguza. Sauti yako ilikuwa ndogo, na ulikuwa unaniambia "nini? nini?" kila nilipojibu, kwa sababu simu ulikuwa umeiweka kwenye sikio la kushoto kwa mazoea. Hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yangu, na hakikuvunjika kwa huzuni. Ilikuwa kama kuvunja kioo kwa kiwiko. Nilitaka kukipasua kile kikao, viti vyake, na kuku wao.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda polisi na sare ya shule. Afande wa kike aliniuliza jina, koo likafunga. Akasubiri. Nikaonyesha kalamu yake kwa kidole. Akanipa na karatasi. Niliandika kurasa nne, kila pigo mahali pake, na maneno ya yule mzee, na nani alikaa wapi, na kwamba waliitikia. Akanisomea tena yote polepole, akauliza, "Ndivyo?" Nikasema, "Ndivyo." Halafu nikaongeza kitu ambacho hakuniuliza. "Afande, andika pia kwamba ulezi kuuondoa ilikuwa kazi yangu." Aliweka kalamu chini, akasema, "Mwanangu, hilo halimo kwenye sheria yoyote." Sikuamini sana, lakini nimelihifadhi.

Baba ameamriwa akae kwa shangazi hadi shauri liishe. Mama Jeni amehamia kwetu na godoro lake. Barabarani watu wa jumuiya wakiniona wanahamia upande wa pili. Shangazi alinitemea mate miguuni mbele ya kanisa na kuniita muuaji wa baba. Gaspari ananiuliza kila siku kama baba anakula. Simchukii baba, mama. Jana nilimwona kwa mbali akiwa kwenye baiskeli, shati halijapigwa pasi, nikaumia. Lakini sitafuta hata mstari mmoja.

Sasa nimekwambia. Nimekuasi, na ninaomba radhi kwa kukuasi lakini siombi radhi kwa nililosema. Najua ukisoma hapa utalia, halafu utakasirika, halafu utatafuta basi la kuja mjini kuniokoa na shangazi. Njoo, mama. Njoo kama nesi, na mbavu zako zikipona njoo kama mwenye unga. Njoo umechoka, njoo umechelewa, njoo bila kupika. Tutakupokea kwa vigelegele.

Lakini ukija kwa masharti yao, umepiga magoti, na maneno ya radhi umeyakariri, utamkuta binti yako amesimama mlangoni. Nitaufunga kwa komeo, mama, mbele ya uso wako. Na utanisikia nikilia upande wa pili, na sitaufungua.

Ubaki salama. Mwombee Gaspari, na mimi nikumbuke.

Binti yako wa kwanza