Mbuzi Yumo, Mishipi Haimo

...na hapo ndipo nilipokasirika, Guyo wangu, uliposema kwenye simu, "Labda niwaache tu vijana wapande mnara hivyohivyo." Mtandao wa huko Korbesa, uliko kazini, ukakatika kabla sijakujibu. Basi nakujibu hapa, wazi, na hata bosi wako akitaka kusoma asome: usiwaache wapande!

Mume wangu. Nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mtu aliyerogwa. Hina ya harusi bado haijatoka vizuri mikononi mwangu, na tayari huo mnara wa tangi la maji umeninyang'anya wewe. Shati lako la kazi nimekataa kulifua. Liko nyuma ya mlango hapa Bulla Pesa, na jirani akiuliza namwambia, "Liache, linanukia mume wangu."

Unakumbuka tulivyokutana? Nilileta chai kwenye ule mjengo wa ghorofa karibu na soko, ukanizuia langoni. "Dada, hapa mtu haingii bila helmeti." Nikakuambia, "Mimi nauza chai, sijengi." Ukavua yako, ukaniwekea kichwani juu ya mtandio, ukabaki nje ya lango kichwa wazi mpaka nikamaliza kuuza. Vijana wakapiga kelele, "Fundi ameshalipa mahari!" Nilijifanya nimeudhika. Kumbe nilikuwa nimekwisha.

Lakini si helmeti iliyonifanya nikubali kuolewa, wala si macho yako (ingawa, wallahi, macho hayo!). Ni siku Lokwang, fundi mwenzako, alipoanguka kutoka ghorofa ya pili. Alikuwa amesimama juu ya ubao mmoja, kiunoni hana kitu. Ulimshika mkono mpaka hospitali, na ulipotoka ulilia mbele za watu, mwanamume mzima, bila kujificha. Ukaniambia, "Siku nikipewa mjengo wangu, hakuna mtu atapanda bila mshipi." Kwenye harusi yetu Lokwang alicheza na magongo yake. Ukaniacha nimekaa kwa viti vya maharusi ukaenda kucheza naye, nami nikakupenda upya mbele ya wageni wote.

Sasa umepewa mjengo wako. Na nilikuwepo tulipopita ofisini kwa mwanakandarasi, huyo bosi wako, kumuaga. Alikutajia bajeti yote: simiti, vyuma, mchanga, dizeli ya lori, hata mbuzi wa kuchinja siku ya kumwaga zege la slabu. Ukauliza mishipi ya usalama na helmeti ziko wapi.

"Hiyo tutaangalia baadaye. Bajeti imebana."

"Lakini mbuzi yumo."

"Kijana, vijana wako wakikosa nyama siku ya slabu watagoma!"

"Basi mbuzi afungwe kamba, apande yeye."

Niliuma mtandio nisicheke. Leo sicheki tena. Mbuzi wa slabu hapa kwetu hakuna anayethubutu kumtoa kwenye bajeti, hata tajiri akilia kwamba hana kitu. Mshipi ndio wa kwanza kutolewa. Unawekwa "baadaye", na hiyo baadaye hufika mtu akiwa ameshaanguka, halafu sisi tunaitwa kwa mchango. Mbona simiti haiwekwi baadaye? Bosi wako alijua mnara ni mrefu tangu siku alipoiomba hiyo kazi. Angepanga pesa ya mishipi siku hiyohiyo, pamoja na vyuma.

Mama yako alikuja kuninasihi. "Mwambie mwanangu asiringe na kazi. Siku ya mtu anaijua Mungu." Nikamjibu, "Kweli, Mama, siku anaijua Mungu. Mshipi ni wa bosi kununua." Alikunywa chai yote, ndipo akasema, "Mmefanana nyinyi wawili." Mimi nimeichukua kama sifa.

Najua bosi amekuambia usipowapandisha Jumatatu ataleta msimamizi mwingine. Na najua kinachokusumbua si mshahara. Unaogopa ukiondoka, huyo mwingine atawapandisha hivyohivyo. Basi usiondoke, mpenzi, na usipande. Kaeni chini nyote pamoja, pale chini ya mnara, tuone kama ataleta msimamizi wa kubeba mbao peke yake. Waeleze wazee wa Korbesa mbele yake kwa nini maji yao yamechelewa. Kodi ya chumba isikutie hofu. Nitakaanga mandazi mpaka mwenye ploti aniombe nipumzike. Wanaosema bibi harusi anapaswa kumtuliza mumewe watafute bibi harusi mwingine. Mimi nimekuja kukuchochea.

Sikuolewa nawe ili siku moja namba yako ilie kwenye simu yangu na niitikiwe na sauti ya mtu mwingine. Nataka sauti yako, mikono yako iliyokwaruzwa na kokoto, na uzee wetu wote tukigombana juu ya sukari kwenye chai.

Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda lori la kwenda Merti nije mpaka huko Korbesa, hata kama nitakaa juu ya magunia. Na nikikuta mnara haujaongezeka hata futi moja, nionyeshe pale mlipokataa kupanda, nami nitausifu mbele ya watu wote.

Mkeo, anayekuja