Muzee, Tulitoboa Dirisha

Paluku, muzee yangu, usisimame. Lala vile uko. Ni miye, Mama Faustin. Naandika mu kaye, daftari ya masomo, na mwandiko yangu unaijua, ni kuku alipita mu matope. Masista walinifundisha myaka tatu tu, lakini inatosha kwa mutu mwenye kuwa na neno. Na miye niko na neno.

Neno ya kwanza: ulifanya vibaya kufa wakati wa mvua. Uliondoka kukiwa baridi, ukaniachia kiangazi yote peke yangu. Mwaka huu jua ya Bunia haina huruma. Vumbi ya barabara inaingia mpaka ku meno. Saa sita bati ya nyumba inalia, ko, ko, ko, kama mutu anatembea juu. Na pale pa kivuli, kwenye ulikuwa unakaa na kikombe yako, sasa kuku wanalala.

Neno ya pili ni ndefu, usisinzie.

Bibi ya kijana wetu Faustin, Esperance, alizaa. Mwanaume. Na kwetu mutoto ya kwanza akiwa mwanaume jina haitafutwi: Paluku, kama weye. Paji ya uso ni yako, ile kubwa yenye nilikuwa nacheka. Nilicheza mbele ya materniti mpaka muuguzi akatoka: "Koko, nyanya yangu, punguza, wagonjwa wanalala." Nikamwambia waamuke, wakuje kuona.

Tukarudi nyumbani, nikaingia kazini. Unanijua. Mama mwenye kuzaa iko na desturi yake. Mama yangu alipitia humo, na miye nilipitia humo. Chumba inafungwa, upepo isiguse mama wala mutoto. Anakandwa tumbo na mayi ya moto asubuhi na jioni. Anakunywa supu ya pilipili, ili damu mbaya itoke. Na pilipili yangu weye unaijua, myaka makumi mbili naisaga na kuiuzisha ku soko, hata maaskari wanaiogopa. Nilimutilia Esperance vijiko mbili. Mutoto nilimufunika blanketi tatu na kofia ya sufu. Mulango nikafunga. Dirisha haikuwa. Ile chumba weye ndiye ulijenga, na weye ndiye ulikuwa unasema dirisha tutatoboa mwaka ujao, kila mwaka ni mwaka ujao.

Siku ya sita mutoto alijaa vipele, toka shingo mpaka makalio. Midomo ya Esperance ilipasuka. Aliniambia polepole, "Mama, ni joto. Tufungue hata kidogo." Nikamwambia siye wote tulizaliwa hivyo na tuko hapa. Nikamwambia wasichana ya leo ni mayai. Kisha, unajua vile mudomo yangu inatembea mbele ya kichwa, nikamwambia kwao ku Bogoro wanajua kulea ng'ombe, siye tunalea watu.

Hiyo neno, Muzee. Nilisema hiyo neno.

Esperance alifunga mutoto mu kitenge, akapanda pikipiki, akaenda kwa mama yake. Faustin alirudi jioni, akakuta kitanda tupu. Akaniangalia tu. Afazali angenitukana.

Bogoro. Tangu vita ilitugawa na watu wa huko, weye na miye hiyo jina tulikuwa tunaitaja kwa sauti ya chini. Sasa wanasema amani iko, njia imefunguka, na kweli wamama wanapita na mihogo, na samaki ya ziwa inafika. Lakini unatembea na amani hii kama mutu mwenye kubeba mayai. Asubuhi njia iko wazi, jioni unasikia haiko. Nilikaa ku kiti nikajiuliza, kama inafungwa na mutoto iko ule upande, nitamuona lini? Atakuja kukomaa huko, waseme nyanya yako ni ule mama wa pilipili, alifukuza mama yako ukiwa na siku sita. Na hakuna mutu atasema ni uongo.

Miye mwenyewe nikawaka. Pua ilitoka damu. Ulimi ilikuwa na vidonda. Munganga alinipima, akanipa dawa, akasema nipunguze chumvi. Dawa nakunywa, nyamaza. Lakini usingizi ilikataa, na kila mutu mwenye kupita mbele ya mulango nilimugombeza, hata pasteri. Alikuja kuniombea, akaenda mbio.

Ile wiki ndiyo nilipata mutungi yako, nyuma ya magunia ya pilipili, imeinamishwa chini. Ndani mulikuwa kile kitambaa, umekifunga mwenyewe na kamba, na ndani yake mbegu za dania, wengine wanaita giligilani, zilikuwa bado zinanukia. Nilikaa chini na kitambaa mu mukono. Sikulia. Nilikuwa na vumbi mu macho.

Unakumbuka vile nilikucheka? Ulipika kwa ule Muhindi wa duka ya vitambaa mpaka ukazeeka, na ukaanza kuniletea mambo ya mama yake, ule bibi muzee wa nguo nyeupe. Ayurveda, Ayurveda, kila siku Ayurveda, ile elimu ya kale ya kwao ya kutunza mwili. Kwamba mutu iko na moto mu mwili, kiangazi inaiongeza, na mwenye akili anaipunguza kwa chakula na kwa mwenendo, hatafuti barafu. Mbegu za dania zilale mu mayi usiku, asubuhi unachuja, unakunywa. Jua ikiwa kali, pilipili na chumvi zikae mbali kidogo. Tango, mboga ya lenga-lenga, ndizi mbivu zikaribie. Maziwa yenye imetikiswa, siagi imetoka, unaichanganya na mayi. Unakula vizuri saa sita, usingoje usiku. Unatembea jua bado haijatoka. Unapakaa nyayo mafuta ya nazi ukienda kulala. Na usiamue neno kubwa ukiwa na joto.

Nilikuambia, "Paluku, miye nauzisha pilipili, weye unahubiri tango mu nyumba yangu?" Ukacheka bila meno ya mbele: "Mama Faustin, siyo dini. Ni kukaa sawa tu." Ukakunywa kikombe yako polepole, ukiniangalia natoka jasho. Hiyo kuniangalia kwako ilikuwa inaniuzi kupita maneno.

Basi nikaosha mutungi. Ile mayi nilifanya kwa hasira, ili nikuonyeshe ni upuuzi. Siku ya kwanza, upuuzi. Siku ya pili, upuuzi. Pilipili nikaitoa mu chakula, miye huyu, nikatafuna tango kama mbuzi. Nikapakaa mafuta ku nyayo, nikasimama kwenda kufunga mulango, nikateleza, karibu nivunje kiuno. Hiyo haukuniambia. Mutu anapakaa akiwa tayari ku kitanda, hiyo ni neno ya kusahau kuambia bibi yako? Asubuhi nikatembea mpaka ku kanisa na kurudi, kabla vumbi kuamuka. Watu wakasema Mama Faustin anatafuta bwana.

Siku ya tano nililala mpaka jogoo. Sijui ni mbegu, sijui ni dawa ya munganga, sijui ni kunyamaza. Weye ungesema ni vyote. Lakini ile asubuhi kichwa yangu ilikuwa nyepesi, na niliona neno wazi kabisa. Haikuwa damu mbaya. Haikuwa wasichana ya leo. Mutoto alikuwa anaungua, na mwenye alikuwa anashika mulango ni miye.

Nikamwambia Faustin, unipeleke ku Bogoro kesho na pikipiki, jua bado haijatoka.

Kwenye barieri, pale wanafunga njia na kamba, askari akauliza, "Koko, mapema hivi unaenda wapi?" Nikamwambia naenda kuomba musamaha, na ukinichelewesha jua itapanda, nitasahau maneno. Akacheka, akashusha kamba. Faustin alikuwa anatetemeka mbele yangu. Miye pia, lakini miye nilikuwa nyuma, hakuna mutu aliona.

Mama ya Esperance alikuwa amekaa mbele ya nyumba, anatikisa maziwa mu kibuyu. Hakusimama. Maneno yenye nilipanga njia yote ilikimbia. Nikasema tu, "Nilikosa. Nilitukana nyumba yako." Akaendelea kutikisa. Fwa, fwa, fwa. Muzee, ilikuwa ndefu. Kisha akafungua kibuyu, akatoa siagi, maziwa yenye ilibaki akaimimina mu kikombe, akaongeza mayi, akanipa na mikono mbili.

Weye tu unajua. Tangu tulirudi toka Butembo kwenye tulikimbilia wakati wa vita, sikuweka mudomo yangu ku maziwa ya ule upande. Watu nilikuwa nawaambia tumbo yangu haipendi maziwa. Tumbo haikuwa na kosa. Ule mama alikuwa anajua, niliona mu macho yake anajua, na alingoja.

Nilikunywa. Yote. Ilikuwa baridi, na barafu haikuwa.

Akaniambia, "Nilifikiri utakuja na pilipili." Nikamwambia, "Niliiacha, inalinda nyumba." Ndiyo tukacheka, wazee wawili, Faustin akatuangalia kama tumelewa.

Mutoto alikuwa uchi ku mukeka, kwenye kivuli ya ukuta, ngozi safi. Esperance alikuwa anamuosha na mayi ya vuguvugu, na kitambaa. Hakuniangalia haraka, na iko na haki. Nilikaa chini karibu yake, nikamwambia, "Mwanangu, ile chumba itakuwa na dirisha. Ukikuta haiko, geuka, rudi kwenu, na miye sitakufuata." Akasema, "Dirisha kubwa?" Nikasema kubwa. Akanipa mutoto nimushike. Ile paji ya uso.

Tulitoboa siku mbili, Faustin na miye. Ukuta yako ni ngumu kama kichwa yako. Nyundo nilishika mwenyewe, jirani wakakuja kuona, nikawapa kazi ya kubeba matofali. Tukaweka mukeka mbele ya dirisha, mchana tunauloanisha na mayi. Ile siku ya posho, jumamosi, Esperance alirudi na mama yake. Waliangalia dirisha kwanza. Kisha wakaniangalia miye. Mama yake akapitisha kichwa mpaka nje, akaangalia huku na huku, akasema itafaa.

Sasa iko hivi. Esperance anakunywa supu bila pilipili, anakandwa na mayi ya vuguvugu, na hakuna damu mbaya yenye ilimuua. Mbegu zako zilikwisha, nilipata zingine kwa Muhindi mwenyewe. Alinitambua, akauliza juu yako. Bado tunagombana mu nyumba, jana ilikuwa juu ya sabuni. Juzi wakasema njia ya Bogoro haiko muzuri tena, basi mama ya Esperance alibaki hapa. Analala ku kitanda yetu, upande yako. Anakoroma kukupita. Leo asubuhi pikipiki zimeanza kupita, lakini hajasema anaenda, na miye sijamuuliza.

Nakuacha, Muzee. Mutoto anaamuka. Kugomba siahidi nitaacha, nikiacha watu watafikiri nimekufuata. Naahidi hii: hakuna mutu ya nyumba hii atafungiwa tena juu ya kiburi yangu. Na siku Paluku mudogo ataniuliza jina yake ilitoka wapi, sitamujibu tu kwamba ni mutoto ya kwanza. Nitamwambia kulikuwa mwanaume hapa mwenye kujua kutulia, na bibi yake alichelewa kumusikia, lakini alisikia.

Pumzika.

Ni miye, Mama Faustin