Kibuyu Kisichotoa Siagi

Dada Felista,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, maana nakujua, ukisoma umesimama utasoma nusu. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Na mvua, zimewafikia huko Biharamulo au mahindi bado yanaangalia juu? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani imeanza kulegea, na nimenenepa mpaka kola za mashati zinanibana.

Kazi ni ileile, kufua mashuka ya nyumba ya wazee. Ila Jumamosi huwa nashinda kwa Marek, mwenzangu wa pale kwenye kufua. Kwenye chumba cha chini ya nyumba yake tunakutana watu wanne tunaopenda sintesaiza. Hicho ni kinanda cha umeme kisichokupa sauti iliyo tayari. Unaitengeneza mwenyewe kwa kuzungusha vitufe mpaka ifanane na unachokitaka. Hakuna anayelipwa. Mke wa Marek anasema sisi ni watoto tuliopewa masufuria tusisumbue.

Unajua Mama alivyobadilika tangu ng'ombe wahamishiwe kwa baba mdogo kule Mugoma. Kibuyu cha kusukia maziwa kimetundikwa ukutani, na nikimpigia simu huko nyumbani Ntobeye anasema, "Tuko salama, haya, usimalize salio." Hiyo ndiyo simu nzima. Sasa siku moja, nikiwa kazini, nilijaribu kukumbuka mlio wa maziwa yakisukwa, nikaukosa. Niliogopa, dada. Niliona nikiupoteza ule mlio, ni kama nampoteza Mama angali hai.

Basi nikaanza kuutengeneza. Nilichukua mvumo kama wa redio isiyoshika stesheni, nikaupunguza makali kwa filta mpaka ukawa kama maji yaliyofungiwa ndani ya kitu. Kisha nikaifanya mashine iuyumbishe, uende na kurudi, kwa mwendo wa magoti ya Mama anapokisuka kibuyu mapajani. Hapo ndipo nilipohangaika. Ukienda haraka ni mtu anasuuza chupa, ukienda taratibu mno ni ziwa. Nilipoupata nilicheka peke yangu. Wenzangu wakausifu sana. Nikaufanya ujirudierudie, nikarekodi kipande kirefu, nikamtumia Mama kwenye simu ya mwalimu jirani yake.

Jioni ile Mama akapiga mwenyewe. Ndiyo, Mama.

"Nani anasuka hayo maziwa?"

"Ni mimi, Mama. Ni mashine."

"Mashine yako haina siagi? Maharage yangu yameungua."

"Yameunguaje?"

"Ningeinukaje na kibuyu hakijashika?"

Unakumbuka, dada. Kwetu aliyekaa karibu na kibuyu haondoki mpaka siagi ishike, hata awe mgeni. Mama na mwalimu wa watu walikaa wakisubiri siagi yangu, moshi unatoka jikoni, na hakuna anayethubutu kuinuka. Wenzangu wasingejua kosa hilo. Mimi niliyelelewa na kibuyu kile nilipaswa kujua. Nilicheka mpaka Marek akaja kuuliza kama ninalia. Mama naye akaendelea kuninanga hadi salio lake likaisha, na sijawahi kufurahia kunangwa namna ile.

Wiki hiyohiyo nikarekebisha. Sasa kuelekea mwisho mvumo unapungua, mlio unakuwa mzito, halafu inaingia sauti fupi ya chini, du, du, mabonge yakigonga ubavu wa kibuyu. Kisha kimya. Nikatuma, nikampigia ili tusikilize pamoja, nikiwa nimesimama kazini katikati ya mashuka. Mabonge yalipogonga nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akasema taratibu, kama tulipokuwa wadogo, "Lete kiganja."

Nilinyoosha mkono, dada. Mtu mzima, mbele ya Marek, nimekinga kiganja hewani nikisubiri siagi. Machozi yalinitoka na sikuona aibu.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Mwalimu ananiambia Mama amekiteremsha kibuyu, amekiosha na kukifukiza. Hajaomba kitu, unamjua. Lakini ninyi mna ng'ombe aliyezaa. Ukienda kumsalimia mbebee maziwa, yakiganda njiani ndiyo vizuri, kisha ukae naye asuke. Mimi siwezi kukitia kibuyu chake maziwa kutoka huku.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako anayenidai picha, na yule fundi redio wa sokoni aliyenifundisha kushika waya. Anayekuletea barua hii ana memori kadi yenye mlio wenyewe. Usikilize kabla hujainjika chochote.

Na siku hiyo kwa Mama, siagi ikishashika, kinga mikono yote miwili. Mmoja ni wako, wa pili ni wangu.

Mdogo wako,
Deo